Kabala na India: nionyesheni njia waliyokutania

Ibrahimu ndiye Brahma. Sara ndiye Saraswati. Ukitaka ushahidi, fungua Mwanzo sura ya 25, mstari wa 6, utakuta Ibrahimu amewapa zawadi watoto wa masuria wake na kuwapeleka upande wa mashariki. Zawadi zenyewe, tunaambiwa, hazikuwa ng'ombe wala fedha. Zilikuwa elimu ya batini, ile ambayo Wayahudi baadaye waliiita Kabala na Wahindi wakaiweka katika Veda.

Video yenye maneno hayo imezunguka kwenye simu za watu wa rika langu tangu Ramadhani. Niliowafundisha historia Tanga, ambao sasa wengine wana wajukuu, wananiletea na swali lile lile: Mwalimu, hii ni kweli? Nimeona niwajibu hapa wote kwa pamoja, maana kidole changu hakiwezi kuyaandika haya yote kwenye simu.

Si kweli. Lakini katika kueleza kwa nini si kweli tutakutana na mambo matamu kuliko video yenyewe, na baadhi yake yanatuhusu sisi wa pwani.

Kwanza, hoja hii ni kuukuu, na kila aliyeishika aliigeuza ielekee kwake. Josephus, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, alipokuwa akibishana na Wagiriki waliowadharau watu wake, alimleta shahidi mzito: Clearchus, mwanafunzi wa Aristotle, aliyeandika kwamba mwalimu wake aliwaona Wayahudi kuwa kizazi cha wanafalsafa wa India. Josephus hakukereka hata kidogo; kusifiwa na Aristotle kulimtosha. Mwaka 1651, mjini Amsterdam, rabi Menasseh ben Israel aliandika kinyume chake: Wahindi ndio waliojifunza kwa uzao wa Ibrahimu habari za roho kurudi duniani. Karne iliyofuata akaja Voltaire, ambaye shabaha yake ilikuwa kuishusha Biblia, akasema Ibrahimu kanakiliwa kutoka kwa Brahma. Kisha Helena Blavatsky, aliyeanzisha chama chake cha Theosofia huko New York mwaka 1875 na baadaye kuhamishia makao yake Adyar, karibu na Madras. Kwa mama huyu Kabala, Veda na Ubudha vyote vilikuwa makombo ya hekima moja ya kale ambayo funguo zake, kwa bahati njema, alikuwa nazo yeye. Mengi ya kwenye video yamepita mikononi mwake, ingawa msimulizi hamtaji.

Kila mmoja aligeuza mfereji umwagilie shamba lake. Sisi wa pwani tunaujua mchezo huu, kwa sababu tumechezewa. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba misikiti na majumba ya mawe yaliletwa na Washirazi katika majahazi, kama kwamba wenyeji walikaa wakisubiri. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua Shanga, kisiwani Pate, walikuta mji unaokua pole pole tangu karne ya nane, msikiti wa miti na udongo chini ya msikiti wa mawe. Wageni walikuja, ndiyo, na wakaoa, lakini hawakuukuta uwanja mtupu. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema dini fulani yote imetoka mahali fulani, huwa natazama kwanza ni nani anayesema, na anataka nini.

Tatizo la pili ni tarehe. Kitabu kikuu cha Kabala ni Zohar, nacho kilitokea Castile, nchini Hispania, katika miaka ya 1280, mikononi mwa mtu aitwaye Moses de León. Alisema amekinakili kutoka maandishi ya kale ya Shimon bar Yochai, rabi wa karne ya pili huko Galilaya. Mwaka 1305 alifika Hispania mwanachuoni kutoka Akko, jina lake Isaac, mahsusi kukiulizia. Walikutana Valladolid, na Moses akamwapia kwamba kitabu chenyewe cha kale kiko nyumbani kwake Ávila. Kabla hajafika nyumbani, akafariki njiani.

Kilichofuata kimeandikwa katika habari za Isaac. Tajiri mmoja wa Ávila, akijua marehemu kamwachia mkewe ufukara, alimtuma mke wake kwa mjane na posa: mtoto wetu wa kiume amwoe binti yako, hamtahangaika tena kwa chakula wala nguo, na sisi hatutaki kitu ila kile kitabu ambacho mumeo alikuwa akinakili. Mjane akaapa kwamba hakuna kitabu. Mume wangu, alisema, alikuwa akiandika kutoka kichwani mwake. Alikuwa akimuuliza kwa nini asiseme kuwa kazi ni yake apate heshima, naye akijibu kwamba wakijua ni yangu hawatanipa hata senti; wakisikia ni ya bar Yochai watalipa vizuri.

Wako wasioiamini habari hii. Wayahudi wengi washika dini wanaendelea kusema Zohar ni ya bar Yochai, na kila mwaka umati mkubwa huzuru kaburi lake Meron. Lakini Gershom Scholem, msomi aliyezaliwa Berlin mwaka 1897 akafia Jerusalem mwaka 1982, na ambaye mwanzoni alitamani kuthibitisha kuwa mjane kasema uongo, aliichambua lugha ya kitabu akaona ni Kiaramu cha mtu aliyejifunza vitabuni, chenye makosa ya msemaji wa enzi za kati huko Hispania. Wasomi wa leo wanadhani waandishi walikuwa kundi, si mtu mmoja. Karne ya 13 hawaibishii.

Hapo swali linabadilika. Tusiulize Ibrahimu alimwambia nini mtoto wa suria wake. Tuulize Myahudi wa Barcelona, wa Cairo au wa Baghdad, kati ya mwaka 900 na 1300, angewezaje kupata fikra za Kihindi. Swali hilo lina majibu.

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alikuwa na hadithi ya kima na papa. Kima anakaa juu ya mkuyu uliotandaza tawi lake juu ya bahari, anakula kuyu na kumrushia papa aliye majini. Wamefanya urafiki. Siku moja papa anamwalika kwao, kima anapanda mgongoni, na wakiwa katikati ya maji papa anatoa siri: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Mbona hukusema mapema, anamwambia, sisi mioyo yetu tunaiacha nyumbani, imetundikwa mitini. Wanarudi, kima anarukia tawi na hashuki tena. Papa akimwita, yeye anamsimulia habari za punda wa dobi, aliyeponyoka makucha ya simba kisha akadanganywa na sungura akarudi kwa miguu yake mwenyewe, akauawa. Sungura akamla moyo na masikio, na simba alipouliza viko wapi, akajibiwa kwamba punda huyu hakuwa navyo. Angekuwa navyo, angerudi mara ya pili?

Askofu Edward Steere aliichapisha hadithi hiyo mwaka 1870, kama alivyoisikia Zanzibar. Lakini imo pia katika Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti, pamoja na yule punda, na mwenye punda ni dobi vilevile. Kule rafiki wa nyani ni mamba, na mti ni mzambarau. Katika karne ya sita tabibu wa Kiajemi, Borzuya, alikileta kitabu hicho katika lugha yao. Katika karne ya nane Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu, Kalila wa Dimna, na humo mzambarau ni mtini na mamba ni kasa. Mkuyu wa bibi yangu ni jamii ya mtini. Hadithi imetujia kwa mkono wa Waarabu, na imeacha alama ya mguu wake kwenye mti.

Sasa sikilizeni. Kutoka kwenye Kiarabu hicho hicho, kitabu kile kilitafsiriwa kwa Kiebrania katika karne ya 12 na rabi Joel, na kutoka Kiebrania kikaingia Kilatini kwa kazi ya John wa Capua, Myahudi aliyebatizwa. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba mtoto wa Kiyahudi wa Ulaya na mtoto wa Pangani walilazwa na hadithi moja ya Kihindi, wala hapana Ibrahimu aliyehitajika.

Na si hadithi za wanyama tu. Maisha ya Buddha mwenyewe, mwana wa mfalme aliyefichwa asione uzee, maradhi na mauti, yalipita njia hiyo hiyo. Kwa Kiarabu yakawa kitabu cha Bilawhar na Budhasaf. Yakapita kwa Wageorgia, kwa Wagiriki, kwa Walatini, hadi mwana wa mfalme akawa Mtakatifu Josaphat, akawekewa siku yake tarehe 27 Novemba katika orodha ya watakatifu wa Kanisa Katoliki. Karne nyingi Wakatoliki walimkumbuka Buddha bila kujua. Wayahudi nao walikuwa na nakala yao: Abraham ibn Hasdai wa Barcelona aliiandika kwa Kiebrania katika karne ya 13, akaiita habari ya mwana wa mfalme na mtawa. Tazama mahali na wakati. Girona, palipokuwa na kikundi cha wanakabala wa mwanzo, si mbali na Barcelona, na miaka ni ile ile. Fikra ya Kihindi ilikuwa inauzwa mlango wa pili, ila imevaa nguo za Kiarabu na hakuna aliyeijua kwao.

Tukija kwenye imani ya roho kurudi katika mwili mwingine, ndiyo wanayoipenda zaidi wa kwenye video, njia inaonekana kidogo na kupotea. Saadia Gaon, mkuu wa wanachuoni wa Kiyahudi, aliandika kitabu cha itikadi kwa Kiarabu huko Baghdad mwaka 933, na ndani yake anawakemea vikali Wayahudi walioamini jambo hilo. Basi walikuwapo. Walilipata kwa nani? Baghdad ilikuwa na matabibu wa Kihindi, lakini ilikuwa pia na wasomaji wa Plato, ambaye naye alifundisha hivyo, na wafuasi wa Mani. Huyu Mani, aliyezaliwa mwaka 216 Mesopotamia, alilelewa katika kikundi cha wabatizaji chenye asili ya Kiyahudi na Kikristo, akasafiri hadi India, akarudi na dini iliyomhesabu Buddha miongoni mwa mitume wa kabla yake. Mtu mmoja, njia nzima. Kama ningelazimishwa kuweka dau, ningeliweka kwake kabla ya Ibrahimu.

Lakini imani yenyewe, ilipochipuka Provence mwishoni mwa karne ya 12, haikufanana sana na ya Wahindi. Mhindu anataka kutoka katika gurudumu la kuzaliwa na kufa. Mwanakabala anarudishwa ili amalize amri za Torati alizoziacha nusu, na wengi wa mwanzo walisema anarudi mara chache tu. Siri yake waliiegemeza kwenye sheria ya kurithi mke wa ndugu: mtu akifa bila mtoto, nduguye amwoe mjane, na mtoto atakayezaliwa ndiye marehemu aliyerejea. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda India kulielewa hilo. Mkikuyu humpa mwanawe wa kwanza jina la babu mzaa baba, na babu anahesabiwa amerudi nyumbani. Hakuna aliyewahi kudai kwamba Wakikuyu walisomea Safed, mji wa wanakabala. Mambo mengine binadamu huyafikia mwenyewe akikaa karibu na kaburi la baba yake.

Nimeacha mwisho jambo ambalo nina neno nalo mwenyewe. Marehemu baba alikuwa mfuasi wa Qadiriyya, tariqa ya masufi. Usiku wa kuamkia Ijumaa, sisi watoto tulichungulia dirishani tukiona wanaume wameshikana mikono katika duara, jina la Mwenyezi Mungu likitoka kwanza kwa ulimi, halafu kwa koo, halafu likabaki pumzi tupu inayosukumwa kutoka kifuani, vichwa vikienda kulia na kushoto pamoja, na khalifa katikati akipiga kofi kubadili mwendo. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye mikeka.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Abraham Abulafia, Myahudi aliyezaliwa Zaragoza mwaka 1240, mtu wa vituko aliyekwenda Roma mwaka 1280 kuonana na Papa Nicholas wa Tatu. Papa akaamuru achomwe moto, kisha akafa yeye kabla amri haijatimizwa. Abulafia aliwafundisha wanafunzi wake kujitenga usiku, kuvaa nguo nyeupe, kuwasha taa nyingi, kuandika herufi za Jina la Mungu na kuzipangua, kisha kuzitamka kwa pumzi iliyopimwa huku kichwa kikifuata alama ya irabu: nukta ikiwa juu ya herufi kichwa kinapanda, ikiwa chini kinashuka. Scholem aliliona hilo akasema ni kama yoga iliyogeuzwa kuwa ya Kiyahudi. Mimi niliona dirisha la nyumba yetu.

Sidai kwamba macho yangu ya utotoni ni ushahidi. Wayahudi walikuwa na mbinu zao za nyumbani: Eliya pale Karmeli aliuweka uso wake kati ya magoti, na karibu mwaka 1000 Hai Gaon, huko Iraki, alieleza watu wanaofunga siku kadhaa, wakaweka kichwa magotini na kunong'ona nyimbo ili wayaone makasri ya mbinguni. Lakini Abulafia alifika Akko akiwa kijana, nchi iliyojaa masufi. Na huko Cairo, kabla hajazaliwa, mkuu wa Wayahudi wa Misri alikuwa Abraham Maimuni, mtoto wa Musa bin Maimun yule tabibu mashuhuri. Abraham huyu, aliyefariki mwaka 1237, aliandika kwa Kiarabu kwamba masufi wamezihifadhi njia za manabii wa Israeli ambazo Wayahudi wenyewe wamezisahau. Akaingiza sinagogi sijda na kukaa kwa safu, hadi wapinzani wakamshitaki kwa sultani. Mtu na madhehebu yake, mwaka na mji, na kukiri kwake mwenyewe: hiyo ndiyo ninaiita njia.

Kinachonikera katika video, kuliko hata Ibrahimu na Brahma, ni kwamba inaruka kutoka Hebroni hadi Benares kama ndege, bila kutua kwa Waislamu, ambao ndio waliokuwa katikati. Al-Biruni alijifunza Kisanskriti, akaandika kitabu chake kikubwa juu ya India kama mwaka 1030, na akaufasiri kwa Kiarabu ule msingi wa yoga wa Patanjali. Hata Plotinus, mzaliwa wa Misri, ambaye fundisho lake la Mmoja asiyetajika na nuru zinazomtiririka limo ndani ya sefira, zile nuru kumi za Kabala, aliwafikia Wayahudi kwa sehemu kubwa kupitia vitabu vya Kiarabu. Na Plotinus naye, kichekesho, aliitamani India: mwaka 243 alifuatana na jeshi la Kaizari Gordian wa Tatu akitumaini kufika kwa wanafalsafa wake, jeshi likavunjika Mesopotamia, akaokoa roho yake kwa kukimbilia Antiokia. Hakuwahi kufika.

Waliofika walikuwa wafanyabiashara. Katika ghala la sinagogi la Ben Ezra, Cairo ya zamani, zilibaki karatasi za karne nyingi, na miongoni mwake barua za Abraham Ben Yiju, Myahudi mwenye asili ya Mahdia, Tunisia, aliyekaa pwani ya Malabar tangu mwaka 1132 hadi 1149. Mangalore alikuwa na karakana ya shaba. Alimwacha huru mjakazi wa Kihindi aitwaye Ashu, na wasomi wanaamini ndiye aliyemzalia watoto. Miaka 17 katika nchi ya Wahindu, akisafirishiwa barua na pepo zile zile za kaskazi na kusi zilizoijenga Kilwa. Barua ni za pilipili, hiliki, chuma na popoo. Mshirika wake wa Aden anamletea karatasi, sukari na zabibu kavu. Kama Ashu aliwahi kumweleza mumewe habari za roho na kuzaliwa upya, haikuwa habari ya kumwandikia mshirika wa biashara.

Karatasi za ghala hilo zilizoko Cambridge peke yake ni kama vipande 193,000. Wanafunzi wangu wanaotaka niubadilishe msimamo wanajua basi pa kutafuta. Mtu akinionyesha ukurasa mmoja wa Patanjali wa Al-Biruni ulioandikwa kwa herufi za Kiebrania, kesho yake nitaandika kwamba yoga iliwafikia Wayahudi kwa mlango wa mbele. Video ya dakika tatu yenye muziki wa filimbi, hapana.